Mama Nani?

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye kichochoro kimoja cha Buguruni kwa Mnyamani, chuma cha vitumbua kimeshapata moto. Muuzaji ni mama wa miaka thelathini na kitu. Mchele ameuloweka tangu jana asubuhi, jioni ameupeleka mashineni, na usiku kucha unga umeumuka na tui na iliki yake. Sasa anamimina upawa kwa upawa, anageuza kwa kijiti, na wateja wa kwanza, makuli wanaowahi sokoni, wamesimama pembeni wakiwa na sarafu mkononi. Wote wanamwita kwa jina moja: Mama, halafu jina la binti yake anayesoma darasa la pili.

Mgeni hawezi kujua kwamba hapo kuna jina lililorukwa. Mzaliwa wake wa kwanza si huyo binti. Ni mvulana wa miaka tisa aliyelala nyuma ya pazia, hatua sita kutoka jikoni, ambaye hakai, hatembei wala hasemi. Mitaani kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ndiyo desturi, na hakuna kikao kilichowahi kuipitisha. Kwa huyu, tena bila kikao, mtaa mzima ulingoja miaka miwili hadi alipozaliwa mtoto wa pili, ndipo ukampa jina. Kabla ya hapo alikuwa "dada wa vitumbua".

"Hawakutaka kunikumbusha, kaka," aliniambia nilipomuuliza, huku akigeuza kitumbua ambacho hakijawa tayari kugeuzwa.

Namwamini kwamba walikuwa na nia njema. Buguruni, hapo Barabara ya Uhuru inapokatana na ya Mandela, ni mahali pa watu wanaoishi kwa kubanana, na waliobanana hujifunza kusitiriana. Chumba kwa chumba, ukuta mmoja, choo kimoja, kila mtu anajua jirani amekula nini na amegombana na nani. Heshima iliyobaki ni kutosema. Lakini mtu huweza kumsitiri mama hata akamfuta mtoto.

Kwa Waswahili jina ni mzunguko. Mtoto huchukua jina la baba yake akalivaa hadi kwenye cheti cha shule. Mama huchukua jina la mtoto akalivaa hadi kaburini. Baba naye huitwa Baba Fulani, ila yeye ana mengine ya kubadilisha: fundi, dereva, mzee, bosi. Mama wa Buguruni akivuliwa jina la mtoto anabaki na kazi yake tu, kama yule dada wa vitumbua. Hata lugha ya hospitali imeshakata shauri. Wodi ya wazazi haijapata kumlaza baba, na mtu akiuliza "mzazi anaendeleaje?" hakuna anayedhani anaulizwa habari za mume. Mzazi ni mwanamke. Baba ni mwenye mji, na hilo ni neno la kumiliki.

Kwa hiyo mtoto akizaliwa na ulemavu, au akiupata akiwa mchanga, swali linajua njia ya kwenda. Alikula nini? Alimcheka nani alipokuwa mjamzito? Alipita wapi saa saba mchana? Bibi mmoja wa Malapa, mwenye wajukuu kumi na mmoja, aliniorodheshea makosa ambayo mjamzito anaweza kufanya mpaka nikachoka kuandika. Nilipomuuliza makosa ya baba alifikiri kidogo, kisha akasema: "Baba anaweza kumtoa mtoto kafara, akitaka utajiri." Angalia hesabu hiyo. Mama anakosea kwa kula, kutembea, kucheka na kulala. Baba, ili akosee, lazima kwanza awe tajiri.

Kuna neno moja ambalo kila mama wa uswahilini analijua na kuliogopa: kubemenda. Mtoto anayenyonya akichelewa kukaa, miguu ikilegea, mwili ukikonda, watu hunong'ona kwamba kabemendwa, yaani wazazi hawakungoja, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa akarudi na joto la huko. Columba Mbekenga na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwakalisha wake kwa waume wa Ilala kwenye makundi ya mazungumzo kuhusu miezi inayofuata uzazi, na hofu hiyo ndiyo iliyotawala: mama anatakiwa ajizuie kwa ajili ya afya ya mtoto, na wakati huohuo anajua kwamba mume asiyevumilia atatafuta pengine. Akikubali, anambemenda mtoto. Akikataa, anaambiwa amemfukuza mume.

Sasa tazama dalili zenyewe: shingo isiyokaza, miguu iliyolegea, kuchelewa kukaa. Ndizo dalili ambazo daktari huziangalia anaposhuku mtindio wa ubongo. Kabla mama hajapata nauli ya kwenda Muhimbili au CCBRT kule Msasani, mtaa umeshatoa cheti chake, na cheti hicho ni cha uzinzi. Sishangai kwamba wengine hukawia kwenda hospitali. Kumtoa mtoto hadharani ni kujitoa mwenyewe mbele ya baraza.

Mvulana wa kichochoroni alizaliwa hajalia. Uchungu ulikuwa mrefu, na mama anakumbuka wakunga wakimpiga mtoto mgongoni. Mtindio wa ubongo huweza kuletwa na hilo, ubongo kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Huweza kuletwa na manjano kali isiyotibiwa siku za mwanzo, na malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohusiana na aliyelala na nani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ualbino. Ili mtoto azaliwe nao, mara nyingi lazima apokee urithi kutoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba, ingawa wao wenyewe ngozi zao ni nyeusi tii. Huu ni ulemavu ambao baba anahusika nao waziwazi. Na ndio huohuo uliowafanya wanawake wangapi nchini waambiwe wamezaa na mzungu, au wamezaa mzimu, wakarudishwa kwao na kichanga mgongoni? Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007 yaliandikwa sana. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, naye mwenye ualbino. Akina mama waliokuwa wakikesha mlangoni na panga usiku wa miaka ileile hawakuteuliwa popote.

Kisha kuna mgongo wazi. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na dawa inayosaidia ujifunge vizuri ni asidi ya foliki. Siku ya 28 wanawake wengi bado wanahesabu kwamba damu imechelewa tu. Kliniki wanaanza mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Wanapewa vidonge, wanavimeza kwa utii, na mgongo wa mtoto ulishaamuliwa zamani. Ndiyo sababu serikali ililazimisha viwanda vya unga wa ngano kuchanganya foliki. Ila Buguruni wanakula ugali wa sembe iliyosagwa mashine ya mtaani, na mama wa vitumbua, yeye hata chapati hapiki. Mchele na sembe ndiyo maisha yake. Halafu watu wanauliza alikula nini.

Baba wa mvulana hakuondoka mara moja, na hapa mambo si kama wengi wanavyodhani. Alibaki. Alinunua dawa, alimpeleka mtoto kwa mganga Mkuranga, alilipia mafuta ya kuchua. Kilichomwondoa ni kuzaliwa kwa binti. Mtoto wa pili alipotokea mzima, mwenye kulia kwa nguvu na kukaa kwa wakati, mzee badala ya kushukuru akapata ushahidi: kumbe mbegu yake haina kasoro. Miezi minne baadaye akaaga kwamba anakwenda Kahama kutafuta maisha. Simu ilipatikana mwaka wa kwanza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 129, inamtwika baba matunzo ya watoto. Mama anaingia pale tu baba akiwa amekufa, ameshindwa, au haijulikani alipo. Hayo maneno ya mwisho nadhani waliotunga sheria waliyaweka pembeni kama akiba. Kwa mama huyu ndiyo ndoa yenyewe. Na kwa waliozaa bila ndoa hali ilikuwa ya kuchekesha kama si ya kuliza. Hadi Sheria ya Mtoto ilipopitishwa mwaka 2009, walitegemea sheria ya kikoloni ya mwaka 1949, ambayo kiwango chake cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia. Hazikutosha chai na vitumbua vya siku moja.

Sheria hiyohiyo ya Ndoa, kifungu cha 63, ina jambo jingine ambalo huwa nalirudia nikitaka kuelewa nchi yangu. Inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeumia au kuugua kiasi cha kushindwa kujipatia riziki. Ni kifungu kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini ona kinavyowaza: ulemavu unampumzisha mwanaume kazi ya uanaume wake, na anayeichukua ni mke. Mwanamke akiumia, nani anachukua ya kwake? Kwa kuwa kazi ya nyumbani haikuhesabiwa kazi, hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba inaweza kushindikana. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Tatu zinatosha kununua kitenge, kupiga picha na kurudi.

Nisiwaonee wanaume. Kwenye kijiwe cha bajaji karibu na Sheli nilikutana na dereva ambaye kila Jumanne na Alhamisi haonekani kazini kabla ya saa sita. Anampeleka binti yake mazoezini, wa miaka mitano, naye ana mtindio. Anamlisha mwenyewe, maana amejifunza namna ya kumshika kidevu asipaliwe. Uji lazima uwe mzito kiasi, kijiko kisijae, na mlo mmoja huchukua karibu saa nzima. Anaeleza hayo kwa ufundi uleule ambao wenzake wanaelezea injini. Na wenzake wanamwitaje? Wanasema amelishwa limbwata. Mwanaume kumbeba mtoto wa miaka mitano kwa kanga mchana kweupe, kwa akili zake timamu? Haiwezekani, mke lazima ameweka kitu kwenye mboga. Nilimuuliza kama inamuuma. Akacheka: "Kaka, limbwata lenyewe lingekuwa linauzwa, ningewanunulia na hawa."

Mke wake, yule anayedaiwa kuweka kitu, yupo kiwandani Vingunguti kwa zamu ya mchana. Ndiye mwenye mshahara. Mtaani wanamhurumia mume, hakuna anayemhurumia yeye.

Kila mwaka viongozi wetu wanaposimama kwenye maadhimisho utasikia wito uleule: wazazi acheni kuwaficha watoto wenye ulemavu. Miaka mingi niliuandika wito huo kwenye habari zangu bila kufikiri. Siku hizi nashindwa. Nilikaa na mama wa vitumbua siku tatu, na siku ya pili nilimwona akifunga mlango kwa kufuli, mtoto akiwa ndani, akakimbia sokoni kununua nazi. Dakika ishirini na tano. Angefanya nini? Mgongoni hambebi tena. Ana miaka tisa, ana kilo ishirini, na mama mwenyewe ameshaanza kuumwa kiuno. Kiti cha magurudumu alichopewa na wahisani hakipiti kichochoroni, kwa hiyo kimekuwa kabati la ndoo. Daladala? Konda akimwona anasema "mama, huyo analipa siti yake". Siti hiyo hulipwa asubuhi watu wote wakigombea mlango. Kumfungia siyo kumficha. Mlango uleule, kufuli lilelile, lakini aliyeko nje ya mlango ndiye anayeamua jina.

Ni kweli wapo wanaoficha kwa aibu, sikatai. Ninachosema ni kwamba wito wenyewe unamjia tena yuleyule. Sijasikia waziri akisimama jukwaani na kusema: akina baba, acheni kujificha.

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu wenye ulemavu ni asilimia 9.3 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Ya mwaka 2022 ikakuta asilimia 11.2. Karani alipofika kichochoroni alimhesabu mvulana. Mama aliingia kwenye safu ya wafanyabiashara wadogo. Halmashauri nazo, tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa irekebishwe mwaka 2018, zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mgawo unaoeleweka karatasini. Ila mwanamke mwenye ulemavu akifika dirishani anaulizwa yeye ni fungu gani, kana kwamba aliacha moja nyumbani.

Habari hiyo aliniandikia kwenye simu fundi cherehani wa Buguruni, kiziwi, mama wa watoto wawili wanaosikia. Tulizungumza kwa kuandikiana, na pale mimi nilipokawia, binti yake wa miaka kumi alitafsiri. Mwanamke huyu ni upande wa pili wa sarafu. Mama wa vitumbua analaumiwa kwa kumzaa mwenye ulemavu. Fundi analaumiwa kwa kuzaa akiwa nao. Alipokwenda kliniki na mimba ya kwanza, muuguzi hakumwuliza damu ya mwisho aliiona lini. Alimuuliza dada yake aliyemsindikiza: "Nani amemfanyia hivi?" Mimba ya mke wa ndoa ikageuka kesi. Mimba ya pili alikwenda peke yake, akakaa kwenye benchi kuanzia saa moja hadi saa nane, kwa sababu majina yanaitwa kwa sauti.

Buguruni ndipo mahali ambapo nchi hii ingepaswa kuwa imejifunza zaidi. Shule ya Viziwi ipo hapa tangu mwaka 1974, miaka kumi na moja baada ya ile ya Tabora iliyofunguliwa na Wakatoliki mwaka 1963 ikiwa ya kwanza nchini. Wauza karanga na maandazi wa jirani na shule wanajua namba kwa vidole, wanajua "bei gani" na "chenji". Nusu karne ya mikono. Bado neno "bubu" linaruka barabarani bila kizuizi. Wapo wasomi wanaosema tatizo ni la ngeli, kwamba kiziwi, kipofu na kiwete tumewaweka kwenye KI-VI pamoja na viti na vijiko. Mimi hoja hiyo hainiingii sana. Kiongozi naye yumo humohumo na hajalalamika. Na viziwi wenyewe waliita chama chao CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, bila kuona haya. Kinachowachoma ni ububu, maana unawaambia hawana lugha, ilhali wanayo.

Fundi anasema majirani huingia dukani kwake, wanamruka kwa macho, wanamuuliza mtoto: "Mama yupo?" Yupo. Amekaa mbele yao, mguu kwenye pedeli, sindano inakwenda. Mtoto alikuwa akijibu, zamani. Sasa mama amemkataza. Wakiuliza, anaendelea na daftari lake la hesabu hadi mteja agundue mwenyewe pa kutazama. Wengine huchukua dakika nzima. Mmoja alitoka na kitenge chake akaenda kwa fundi mwingine, na fundi wangu aliponisimulia hilo alitikisa bega: pesa imekwenda.

Nilimuuliza mumewe, naye kiziwi, seremala, kama watu wanauliza ni nani aliyemruhusu kuzaa. Aliandika neno moja: "Hapana." Halafu akaongeza, "Mimi wananipongeza."

Siku ya mwisho nilirudi kichochoroni kumuaga mama wa vitumbua. Alikuwa amemtoa mvulana nje, amemlaza kwenye mkeka kivulini, kichwa juu ya mto, na yule binti anampepea nzi kwa kipande cha boksi. Mvulana alikuwa akifuata kwa macho kijiti cha kugeuzia. Kila kitumbua kilipopinduka, alitabasamu. Mama akasema ndivyo alivyo tangu zamani, anapenda sauti ile ya mafuta.

Nilimwambia naandika makala, nikamuuliza nimwite nani. Alifuta mikono kwenye kanga. Akataja, polepole, Mama, na jina la yule wa kwanza. Binti alimtazama mama yake kama mtu aliyesikia jina la mgeni.

Kisha mama akachota unga, akamimina matundu mawili, akasimama.

"Au usiandike, kaka," akasema. "Baba yake akisoma atasema nimemtangaza."

Makuli wawili walifika wakitaka vya mia tano, naye akawafungia kwenye gazeti.